Juu ya Kuandika Majina ya Watoto Wachanga katika Ngara na Biharamulo

Mtoto akiisha kuzaliwa katika nchi hizi, jina lake hutafutwa na watu wengi: baba, bibi, shangazi, na pengine hata jirani ambaye kuna maneno naye husababisha jina bila mwenyewe kujua. Lakini siku ya kuliandika hubaki watu wawili tu, mzazi na karani, na kati yao kalamu moja. Karani huuliza, "Laandikwaje?" Hapo ndipo shida ianzapo, kwa maana mzazi amelisikia jina lile tangu utoto wake wala hajapata kuliona.

Katika habari hii tumesikia mashauri mawili yashindanayo. Wako wasemao jina liandikwe kwa wepesi, kwa herufi zilezile za Kiswahili zijulikanazo na kila mtu aliyefika shule, hata kama litapungua kidogo, ili mtoto asipate taabu mbele ya safari. Na wako wasemao liandikwe kama lilivyoandikwa na wazee katika daftari za ubatizo na juu ya misalaba ya makaburi, hata kama mgeni atajikwaa alisomapo. Tumetazama kadi za kliniki, vyeti na orodha za shule ambazo wazazi wametuonyesha, na tumeona kwamba pande zote mbili hubishana juu ya herufi bila kuuliza jina lenyewe lanena nini. Kwa fikira zetu, herufi ni nguo, na nguo yaweza kubadilishwa. Lakini kipande cha jina kilichobeba neno hakina ruhusa kuanguka, kwa kuwa jina la nchi hizi mara nyingi ni usemi mzima, wenye mtenda na kitendo na mtendewa. Tutaeleza kwa mifano.

Kwanza msomaji akumbuke mahali tulipo. Wilaya hizi mbili zimepakana, lakini zimekaa juu ya mpaka wa lugha. Malcolm Guthrie, alipogawanya lugha za Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1948, aliweka Kihangaza na Kishubi katika fungu moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Bali Kizinza alikiweka katika fungu jingine, pamoja na Kihaya, Kinyambo na Kikerewe. Ngara ni nchi ya fungu la kwanza, yaani Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi. Tena Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi hata ilipokatwa na kuwekwa upande wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Biharamulo kuna Wasubi, Wazinza na Wahaya, na zaidi ya hao Wasukuma wengi waliokuja na ng'ombe zao na majembe yao. Kwa hiyo karani mmoja katika ofisi moja aweza kuletewa asubuhi moja majina ya lugha nne, naye mwenyewe akawa mtu wa Mbeya au wa Tanga.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mapacha. Mhangaza, kama Mrundi na kama Muha, humwita pacha wa kwanza Bukuru na wa pili Butoyi, wawe wa kiume au wa kike, na mtoto awafuataye ni Chiza. Mhaya humwita pacha wa kwanza Ishengoma akiwa wa kiume na Nyangoma akiwa wa kike. Wa pili ni Kato, au Nyakato. Awafuataye ni Kaiza. Msukuma husema Kulwa na Doto, awafuataye Shija. Basi ndani ya wilaya hizi mbili mtu akisikia jina moja tu la mtoto ajua nyumba ile imepata pacha, na ajua ni nyumba ya lugha gani, na kwa Wahaya ajua hata kama pacha ni wa kiume au wa kike. Ni habari nyingi kwa neno moja. Kulwa na Doto yameenea siku hizi Tanzania nzima, hata kwa watu wasiojua Kisukuma. Hayo mengine yamebaki kwao, na kwa sababu hiyo karani wa mbali huyaandika kwa kubahatisha.

Twamjua baba mmoja, mtu wa Ngara aliyehamia upande wa Biharamulo, ambaye alipata pacha. Mahali pa kwanza walipoandikwa, mwandishi aliwaandika Bukuru na Butoyi. Miaka ikapita. Mahali pa pili mwandishi mwingine, ambaye ulimi wake haukuzoea r, aliandika Bukulu na Butoi. Baba hakuona kosa, maana kwa sikio lake ni watoto walewale. Lakini siku karatasi zilipowekwa mezani pamoja, ofisi ilimwambia kwamba mbele yake kuna watoto wanne. Alikwenda kula kiapo, akalipa nauli mara tatu, akarudi nyumbani akicheka kwa uchungu, akisema kwamba Mungu alimpa wawili na serikali ikamwongeza wengine wawili. Twaacha jina lake na la ofisi.

Hatusimulii haya ili kuwalaumu makarani. Tangu zamani Serikali ya Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuandika vizazi na vifo, ya mwaka 1920. Lakini kwa muda mrefu watu wengi wa mashambani hawakuandikwa, wakaishi kwa kadi ya ubatizo tu, au bila karatasi yoyote, na jina lililoandikwa vibaya halikumdhuru mtu. Siku hizi mambo yamegeuka. Kuna Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza mwaka 2006. Kuna Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyoundwa mwaka 2008. Na ule mpango wa kuwaandika watoto walio chini ya miaka 5, uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013, umeushusha usajili hata kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, na cheti chaandikwa kwa mkono palepale. Ni jambo jema sana. Lakini kalamu ya siku ile ya kwanza sasa humfuata mtoto hata cheti cha mtihani, hata kitambulisho, hata Bodi ya Mikopo, ambayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa. Herufi moja ikipishana, mtu mzima aombaye mkopo wa masomo hurudishwa kutafuta karatasi ya siku alipokuwa mchanga.

Sasa tuwasikilize watu wa wepesi, nasi twakiri kwamba katika mambo kadha wa kadha wana haki.

Tutazame lile jina la mtoto awafuataye mapacha. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, laandikwa Ciza. Upande wetu laandikwa Chiza, na Mtanzania mmoja mwenye jina hilo, Christopher Chiza, alipata kuwa Waziri wa Kilimo. Wako wazazi wadhanio kwamba c peke yake ndiyo ya asili, na ch ni kitu cha shule. Sivyo. Babu zetu hawakuwa na c wala ch. Walikuwa na sauti. Herufi c kwa sauti ile ilikuwa shauri la wataalamu, nayo ilipendekezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Lugha za Kiafrika katika maagizo yake ya mwaka 1927. Kiswahili kilikwenda njia nyingine: baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, maendelezo ya Kiswahili Sanifu yalishika ch, na c peke yake haimo. Mtoto wa Ngara akiandikwa Ciza, mwalimu aliyejifunza Kiingereza atamwita Siza, na jina litakuwa limepotea kinywani ili lihifadhiwe karatasini. Hapa twasema bila kusita: Chiza iandikwe kwa ch, na hakuna kilichopotea, kwa maana ule mzizi wa -iza, ndio uzuri, ungali mzima ndani yake.

Habari ya pili ni ya ile g ijifichayo. Mrundi na Mhangaza wakitamka bw au rw, kuna mguno katikati uonekanao kama g. Wamisionari wa kwanza, ambao masikio yao yalikuwa mapya, waliusikia wakauandika. Ndiyo sababu Biblia ya Kirundi yaandika ubgami kwa neno lile ambalo wengine huandika ubwami, yaani ufalme. Ndiyo sababu pia hospitali ya Kanisa Anglikana karibu na mji wa Ngara yaitwa Murgwanza, jina ambalo mgeni wa pwani hulitazama kwa muda kabla ya kufungua kinywa. Na mchapishaji Walter Bgoya, mwenyeji wa Ngara, aliyeongoza Tanzania Publishing House kisha akaanzisha Mkuki na Nyota, amelipeleka jina lake pamoja na bg yake katika maktaba za dunia, wala hajalainisha chochote. Twamheshimu kwa hilo. Lakini kwa mtoto azaliwaye leo twashauri bw na rw, kwa sababu mguno ule huja wenyewe katika kinywa cha mwenye lugha, hata usipoandikwa. Asiye na lugha hautamki vema hata ukiandikwa. Majina ya zamani, ya watu na ya mahali, yaachwe yalivyo. Hakuna atakayefaidi kwa kuisahihisha Murgwanza.

Habari ya tatu ni ya y iliyo kati ya irabu mbili. Burundi huandika Ndayisaba, maana yake "namwomba Yeye", yaani Mungu. Mbunge wa Ngara aliyechaguliwa mwaka 2020 huandikwa Ndaisaba. Rwanda kuna mahali paitwapo Nyamiyaga, mahali pa upepo. Ngara kuna kata iitwayo Nyamiaga. Y imeanguka, lakini Kiswahili chenyewe hufanya vivyo hivyo: twaandika njia, wala si njiya, ingawa sikio husikia y. Basi Ndaisaba ni jina zima. Tazama lakini kilichobaki ndani yake: ile i baada ya nda-. Hiyo ndiyo imtajayo Mungu, kwa kuwa Imana ni neno la ngeli ile, na i husimama mahali pake. Karani mwenye haraka akizidi kulipunguza akaandika Ndasaba, jina lasema "naomba" tu, na aombwaye ametoka. Kutoka Ndayisaba hata Ndaisaba imeanguka herufi. Kutoka Ndaisaba hata Ndasaba ameanguka Mungu. Kama wasomaji wetu watasahau mengine yote tuliyoandika hapa, twapenda wakumbuke jina hili moja, maana ndilo lionyeshalo mpaka tunaoutafuta.

Tukiisha kuuona mpaka huo, twaweza kupima majina mengine upesi. Ntibazonkiza lina vipande vinne mbele ya kitendo: nti- ya kukana, -ba- ya wao, -zo- ya wakati ujao, -n- ya mimi, kisha -kiza, kuponya. "Hawataniponya." Mchezaji mmoja wa Burundi mwenye jina hilo alichezea Yanga, Geita Gold na Simba, na watangazaji wengi waliona heri wamwite Saido. Kwa mchezaji si neno, amekuja mtu mzima na pasi yake. Lakini mtoto wa Ngara akiandikwa Ntibazokiza, bila n, mzazi hakulalamika tena juu ya nafsi yake. Amesema tu kwamba watu fulani hawataponya. Kadhalika upande wa Kihaya: Tibaijuka ni "hawakumbuki", na Tibanyenda ni "hawanipendi". Ondoa -ny- utabaki na "hawapendi", na hapana ajuaye nani hapendwi. Majina ya namna hii hutolewa kwa sababu. Mama amekaa katika boma la mumewe miaka mingi bila wema wa mawifi. Akipata mtoto, jina ni nafasi yake ya kusema mbele ya wote bila kugombana na mtu. Kila aitapo mtoto aje kula, ameyasema maneno yale tena. Kumwondolea silabi moja ni kumkatiza maneno yake, na twajua hakuipata nafasi ile mara mbili.

Wengine watatwambia kwamba majina haya ya uchungu yafaa yaachwe kabisa, mtoto aitwe Baraka au Neema. Hilo ni shauri jingine, nalo si la maendelezo. Sisi twasema tu kwamba aliyeamua kulitoa jina la wazee alitoe zima.

Juu ya mu- na m- hatuna ukali. Kihaya husema Mujuni, mwokozi, Muganyizi, mwenye huruma, Mugisha, baraka. Karani wa Kiswahili huandika Mjuni na Mganyizi, kama aandikavyo Mhaya kwa Muhaya. Maana haikupotea, kwa sababu m ya Kiswahili ina pigo lake yenyewe na hushika nafasi ileile. Hata hivyo twapendelea mu-, kwani Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na mu-, na serikali yenyewe imeiacha katika orodha ya kata za Ngara, kama Mugoma na Muganza. Iliyofaa kwa kata yafaa kwa mtoto.

Twaja kwenye s na sh, na hapa twakataa wepesi kabisa. Wako watu, hata wenye elimu, waandikao Washubi na Wasubi kana kwamba ni neno moja lililoandikwa kwa namna mbili. Washubi ni wa Bushubi, Ngara. Wasubi ni wa Rusubi, Biharamulo, nchi ya yule mtawala ambaye Speke, alipopita mwaka 1861, alimwandika Suwarora. Speke aliiita nchi ile Usui; Wajerumani waliojenga boma Biharamulo waliandika Ussuwi; na vitabu vya vita ya 1916 vina Biaramulo, bila h. Tukichunguza twaona kila mmoja aliandika kwa haki kadiri ya sikio lake, maana b ya lugha hizi ni laini, midomo haifungi sawasawa, na mgeni aweza kusikia w au v. Kwa ulaini huohuo mto ule uingiao Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo ni Ruvubu upande wa Burundi, na kwetu ramani nyingi zaandika Ruvuvu. Lakini b ikigeuka v, mto ungali mmoja. Sh ikigeuka s, watu wa Ngara wamehamishwa Biharamulo. Mtoto apewaye jina la kabila lake au la nchi ya babu yake aandikwe kwa uangalifu hapo.

Twaliacha la l na r hata mwisho kwa kuwa ndilo gumu, na twajua hatutawaridhisha wote. Kirundi hakitenganishi maneno kwa l na r. Sauti ni moja, nayo huandikwa r. Kisukuma hakina r katika maneno yake ya asili. Kiswahili kinazo zote mbili, na kinazitenga: kula si kura. Basi jina la sauti moja huingia katika maandishi yenye herufi mbili, na mwandishi hulazimika kuchagua. Tazama Biharamulo: kata moja ni Lusahunga, nyingine ni Runazi. Ngara kuna Rulenge, yenye herufi zote mbili ndani ya jina moja, na jimbo katoliki lilichukua jina hilo. Rwanda, iandikayo r kila mahali, imeiacha l katika Kigali. Katika watu waliojulikana bungeni, Wilfred alijiandika Lwakatare, na Getrude, kwa jina la ndoa, Rwakatare.

Hapa hakuna maana ipoteayo, wala hatuoni dalili kwamba r ni ya heshima kuliko l, ingawa tumewasikia wazee wakidai hivyo. Kinachopotea ni undugu juu ya karatasi. Watoto wa baba mmoja, huyu Rugemalira na huyu Lugemalila, watakapoitwa kugawana shamba watatakiwa kuthibitisha kwamba ni ndugu. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba ifuatwe karatasi ya baba au ya mtoto aliyetangulia, hata kama mwandishi wa kwanza hakuandika vizuri. Umoja wa nyumba hushinda uzuri wa herufi. Nyumba isiyo na karatasi bado ichague r kwa majina ya upande wa Ngara, kwa kuwa ndiyo yapatanayo na lugha za jirani.

Sasa neno kwa watu wa mapokeo. Wao hunena kana kwamba maandishi ya zamani yalilihifadhi jina zima. Hayakulihifadhi. Lugha hizi hutofautisha irabu ndefu na fupi, na hutofautisha sauti ya juu na ya chini; na maandishi ya kawaida, ya Burundi na ya kwetu, hayaonyeshi hata moja. Mzee asomapo jina katika daftari la ubatizo hulitamka sawa kwa kuwa alilijua kabla ya kulisoma. Padre au mchungaji aliyeliandika alikuwa naye amelirahisisha, kwa mazoea ya Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza. Tena Rwanda, mwenye maandishi ya siku nyingi, ilitoa maagizo mapya ya maendelezo mwaka 2014, na mabishano yakawa mengi. Basi wanaoziita herufi za mwaka fulani mila ya mababu wanaheshimu kalamu ya mgeni wakidhani ni kinywa cha babu.

Liko jambo jingine chini ya haya yote, ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, wakapiga kambi Benaco. Baadaye walikuja Warundi. Mwaka 2013 ilifanywa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, kuwaondoa wageni wasio na vibali. Tangu siku hizo tumekutana na wazazi wa Ngara, waliozaliwa hapa na baba zao wamezaliwa hapa, wachaguao maandishi mepesi kwa hofu. Hawasemi kwamba Ndaisaba ni rahisi kusoma. Wasema kwamba Ndayisaba "lanuka mpaka". Wengine huliacha jina la ukoo kabisa, wakampa mtoto jina la babu la ubatizo liwe la tatu, Yohana au Petro, ili asiulizwe njiani.

Hatuwezi kuwacheka. Mzazi anayemkinga mtoto wake afanya kazi yake. Lakini wanaosoma majina mezani na barabarani wajue kwamba y, au c, au bg haimthibitishi mtu kuwa wa nchi hii wala ya ile. Bugufi ilikuwa chini ya mfalme wa Burundi kabla ya mpaka kuwekwa; mpaka ulipita juu ya majina kama ulivyopita juu ya mashamba. Jina likiwa sawa pande zote mbili, ni kwa kuwa lilikuwapo kabla. Tena waliolikimbia jina ili wasidhaniwe wageni wanawaachia taabu wenzao waliolishika, kwa kuwa kadiri majina haya yanavyopungua katika orodha za Ngara, ndivyo yale yaliyobaki yanavyozidi kuonekana mageni.

Twaombe jambo dogo kwa makarani, lisilo na gharama. Jina likiisha kuandikwa, kabla wino haujakauka, lisomwe kwa sauti mbele ya aliyelileta, silabi kwa silabi, na ikiwezekana mbele ya bibi yake mtoto, kwa maana mara nyingi ndiye mwenye jina. Tena mzazi apewe nafasi ya kulinganisha na karatasi ya ndugu wa mtoto.

Yule baba wa mapacha alipata mtoto wa tatu. Alikuja kituoni na mama yake mzazi, na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, ameandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Karani alikitazama akauliza kama ni kwa c au kwa ch. Baba akajibu kwamba ni kwa ch, na kwamba wakubwa wake ni Bukuru kwa r na Butoyi kwa y, na kiapo anacho mfukoni kama kinatakiwa. Karani akaandika, kisha akasoma. Bibi, ambaye hajui kusoma, akamwambia arudie, maana ile i ya kwanza ameifupisha mno. Akarudia, bibi akaitikia, na mtoto akafungwa mgongoni.